Shamba la Riziki Lilibaki Kijani

Solange wangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na mi ninaijua kwaya yenu: kuaga kwenu ni nyimbo kumi, maombi, halafu chai, halafu mtu mmoja analia na mnaanza upya. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika kabla hujarudi. Cherehani nimeifunika mapema leo. Nimekalia kiti chako kwa sababu changu kimebeba sanduku lako, na sanduku lenyewe kila nikiinua macho liko pale.

Utanicheka Kiswahili changu. Mdomoni nasema 'njo' kwa 'ndiyo' na 'bantu' kwa 'watu', kama watu wote wa Fizi kule Kongo, lakini ukinipa kalamu, mwalimu wangu wa shule ya misheni anakuja kusimama nyuma yangu na fimbo yake. Vumilia.

Sitaandika juu ya chakula, wala juu ya wanaume, wala juu ya kufunga mlango. Una miaka ishirini na mbili. Kama mambo hayo hujayajua, karatasi haitakusaidia. Nataka kukuandikia jambo moja, na nimelibeba tangu kabla hujazaliwa. Ni juu ya mama yako mkubwa Riziki, dada yangu wa tumbo moja. Nilikuambia alikufa ziwani siku tulipokimbia vita. Hakufa. Nilikudanganya, mwanangu. Soma mpaka mwisho ujue kwa nini, maana kesho asubuhi utaamua kitu ambacho mi siwezi kukiamua peke yangu.

Nianze na siku ile uliponifundisha. Ilikuwa wiki ile chuo cha Lilongwe kilipokuandikia kwamba umepata nafasi ya kusoma magonjwa ya miti. Nilikuwa napepea makaa kwenye mbaula, we umekaa chini na simu, unasoma, na huwezi kusoma ukanyamaza. "Maman, sikiliza hii," ukasema. "Unajua kuvu inaua muti namna gani? Haina meno, haina mukono. Inatema protini."

Nikakuambia protini naijua, ni maharage, na mayai kwa wale wenye kuku. Ukacheka mpaka simu ikaanguka. Halafu ukanieleza polepole, kama mwalimu anayelipwa vizuri. Kuvu ikiingia kwenye kidonda cha mti, ukasema, inatoa protini za namna nyingi na kila moja ina kazi yake. Kuna zinazokata mwili wa mti kidogo kidogo kufungua njia. Hizo nilizielewa haraka kwa sababu maisha yangu ni mkasi. Kuna zinazokwenda kuuzuia mti usipige kelele, ili usijue kwamba mgeni ameingia. Na zingine zinaua majani ya juu wakati kuvu yenyewe bado iko chini kwenye shina. Mti ukija kushtuka, umechelewa. Unaanza kuziba mishipa yake wenyewe ukifikiri unamfungia adui njia, na unakufa kwa kiu wakati maji yako palepale kwenye mizizi.

"Na inatoka muti moja kwenda ingine namna gani?" nikauliza.

"Mvua kidogo, upepo kidogo. Lakini sana sana ni bantu, maman. Ni panga. Ukikata muti mugonjwa, halafu ukate muzima na panga ile ile, umeipandikiza. Na kuni pia. Bantu banabeba miti yenye imekufa, banapita nayo katikati ya mashamba, banaipanga nyumbani. Hii ninasoma hapa ni ya kahawa."

Nikauliza swali langu la mwisho, na sauti nilijitahidi iwe ya mtu anayetafuta chumvi. "Na kama iko shamba moja katikati ya kijiji, yenye hapana mutu wa inje anaingia na panga yake?"

Hukuinua hata macho. "Ile itabakia kijani. Njo ingeonyesha bantu njia ugonjwa inapita."

Nikatoka nje. Uliponifuata na kuona macho yangu nikakuambia ni moshi. Makaa yalikuwa yameshika zamani, moshi wa wapi? Lakini ulikuwa na furaha yako siku ile, na mwenye furaha haulizi sana. Nilishukuru.

Sasa twende kwetu, mahali ambapo hujawahi kukanyaga. Kijiji chetu kilikuwa juu ya kilima, ziwa unaliona chini. Kahawa ilikuwa kazi ya kila nyumba. Shamba la mtu lilipoishia njo la jirani lilianza, hata kijiti katikati hakuna. Sisi wanawake tulikuwa na likelemba. Hapa kambini Dzaleka likelemba ni ya pesa, lakini ile ya kwetu ilikuwa ya mikono. Leo wote tunalima na kupogoa kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko unaisha na kuanza tena. Hakuna aliyehangaika peke yake shambani. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, tunaimba, tunatukanana kwa mapenzi, tunasengenya waume zetu waliokuwa wanashinda ziwani wakisema wanavua samaki. Mi njo nilikuwa kiongozi. Miaka ishirini na sita, mdomo mrefu, na panga kali kuliko zote. Mti ukiwa umezeeka na matawi yake yamekwenda ovyo, utasikia: "Muite Faila akate." Jamani! Nilijiona mke wa gavana.

Yaya Riziki, maana kwetu dada mkubwa njo anaitwa yaya, alikuwa kwenye likelemba pamoja nasi. Alinipita miaka sita. Mama yetu alipokuwa anaumwa, yeye njo alinibeba mgongoni, akanichana nywele, akanitafunia viazi. Aliolewa, hakupata mtoto, na mume wake akafa mapema. Sasa, kwetu kulikuwa na desturi: mjane akiwa kwenye kilio, hajaoshwa kumaliza matanga, kikundi hakiingii shambani mwake na vyuma. Zamu yake inarukwa. Tulimruka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, majani yakapanda mpaka kwenye matunda. Mi kiongozi, mdogo wake, ningeweza kwenda peke yangu na mikono mitupu nikang'oa majani. Hakuna desturi iliyokataza hilo. Sikwenda. Nilisema sheria ni sheria, tena nilisema nikiwa nimeshiba.

Alipooshwa alikuja kwenye mkutano wetu, akasimama, akasema kwa upole kabisa: "Muliniruka mara tatu. Sawa. Nitalima na mikono yangu." Akachukua panga yake akaenda. Tangu siku ile hakumwazima mtu panga wala hakuazima ya mtu. Akapanda ua kuzunguka shamba. Kuni zake akaokota kule kijitoni, mbali na mashamba. Na kwa sababu alikuwa peke yake na kazi ni nyingi, akawa anaamka kabla ya jogoo, anaingia shambani giza likiwa bado zito. Mi nilijua. Nyumba yetu ilikuwa karibu na njia yake, na kila alfajiri nilisikia hatua zake nikiwa kitandani. Ningeweza kuzitambua kati ya hatua za watu mia. Tulimcheka kwenye likelemba. Tulisema Riziki amejifungia kama mzungu.

Halafu ukaja mwaka ambao kahawa iliiva mbele ya wakati. Matunda yakawa mekundu wakati bado tunayasubiri, na unajua tulifanya nini? Tulipiga vigelegele. Mchungaji akatoa shukrani kanisani. Kumbe miti ilikuwa inakufa. Baada ya muda majani yakawa ya njano, yakajikunja, yakaanguka, mti ukabaki umesimama na matunda yake makavu hayataki kuanguka. Ukimenya ganda, ndani utakuta mstari wa bluu nyeusi kama mtu amemwaga wino.

Tukafanya kile tulichojua. Tukaongeza likelemba. Badala ya mara moja kwa juma, mara mbili. Nilikuwa napita mbele, nakata tawi gonjwa, nafuta panga kwenye kitenge, naingia mti wa pili. Nilikuwa na huruma kweli, Solange. Mama fulani akilia kwamba mti wake wa kwanza umekauka, kesho yake tuko kwake wote kumi na watatu tuliobaki na mapanga yetu. Jioni tunabeba miti iliyokufa kwa kuni, maana mti wa kahawa unawaka vizuri, moto mdogo na kaa linakaa muda mrefu. Tulipita nayo kichwani katikati ya mashamba yote, tunaimba. Kila nyumba ilikuwa na rundo lake ukutani. Na kila tuliposaidia, baada ya miezi kadhaa palikauka.

Ule wimbo bado ninaukumbuka. Siwezi kuuimba.

Ilipofika wakati nusu ya kijiji ni vijiti, watu wakaitwa mbele ya nyumba ya mkubwa wa kijiji. Wanaume wamerudi kutoka ziwani, wana hasira, kila mmoja anamtazama mwenzake. Mtu akasema hii si ugonjwa, hii ni mkono wa mtu. Mwingine akasema kikulacho kiko nguoni mwako. Na hapo macho yakaja kwangu, kwa sababu mi kiongozi wa wanawake, mi njo ninayeingia mashamba yote. Niliogopa, mwanangu. Niliona wanaanza kuhesabu mahali nilipopita. Mzee mmoja akaniuliza: "Faila, we unatembea kote. Iko shamba ya nani haijakauka?"

Nikasema: "Ya Yaya Riziki. Hata jani moja."

Ningenyamaza hapo, labda ningepona. Lakini yule mzee akauliza tena: "Na anafanya nini mule?" Nikasema: "Sijui. Ninasikia tu anaingia usiku, kabla ya jogoo, peke yake."

Unaona? Hakuna neno la uongo hapo. Aliingia, na ilikuwa giza, na alikuwa peke yake. Kilichobaki nilikimeza: kwamba aliamka mapema kwa sababu sisi tulimwacha na kazi ya watu kumi na wanne. Kilikuwa kwenye ulimi. Nilikimeza ili macho ya watu yatoke kwangu, na yakatoka. Mwanaume mmoja akanishika bega, akasema msema kweli mpenzi wa Mungu. Mpaka leo mtu akisema methali hiyo kanisani, mi naangalia viatu vyangu.

Hawakumpiga, ninamshukuru Mungu kwa hilo tu. Walimwita mchawi, wakampa mpaka jua la kesho awe ameondoka kijijini. Lakini hawakusubiri kesho kwa kahawa yake. Wanaume waliingia ndani ya ua na mapanga yetu, yale yale ya likelemba, wakaangusha miti yote mizima. Mmoja alikuja kuchukua panga yangu kwa sababu ilikuwa kali. Nikampa.

Asubuhi yake Yaya Riziki alipita mbele ya mlango wangu na mzigo wake kichwani. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo, siwezi kuingia ndani, siwezi kutoka. Alisimama. Hakulia, hakunilaani. Akasema: "Faila. We unajua ninaamuka saa ngapi."

Akaenda. Njo neno la mwisho kati ya mtu na ndugu yake.

Miti iliendelea kufa. Bila shaka iliendelea, mapanga tulikuwa nayo sisi. Ile iliyobaki hai ikakauka msimu uliofuata, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema basi, tulikosea, twende tumtafute. Aibu ilitufunga midomo, mimi wa kwanza. Likelemba ikavunjika yenyewe, mtu akikutana na mwenzake anaulizia afya anapita. Halafu vita vikaja vikatuhamisha wote, na wengine walishukuru kupata sababu nyingine ya kuacha mahali pale. Baba yako na mi tukavuka ziwa, tukakaa Tanzania, we ukazaliwa njiani, tukafika hapa Malawi. Baba yako alijua habari hii. Hakuniuliza hata mara moja. Malaria ilipomchukua ukiwa na miaka minne, nilibaki na siri ambayo hakuna mtu mwingine Dzaleka anaijua.

We ulikuwa unaniuliza kwa nini siingii kwenye vikundi. Mama wa jirani anatuita kwenye likelemba, nasema sina nafasi. Wamama wa kanisa wanataka niwe kiongozi wao, nasema miguu inauma. Ulipokuwa na miaka kumi na tano uliniambia nina kiburi, na nilikuchapa, unakumbuka? Nisamehe kwa ile. Haikuwa kiburi. Niliogopa kusimama tena mbele ya watu wanaonisikiliza. Nikachagua cherehani, mlango nusu, na wewe. Kwa miaka yote hii, Solange, mtu niliyeongea naye ni wewe tu, na we ulikuwa mtoto. Mambo yangu mengi nilikuwa naiambia cherehani. Kesho kutwa najua nitapika nsima ya watu wawili kwa mazoea na kuitazama. Silii ili ubaki. Nakuambia tu ilivyo, kwa sababu upweke wangu niliutengeneza mwenyewe na sitaki ufikiri ni wewe unaniachia.

Kuna uongo wa pili, niumalize. Mwaka juzi nilikwenda Lilongwe kununua kitambaa cha sare za kwaya, nikarudi mikono mitupu nikakuambia nimeibiwa sokoni Tsoka. Hakuna aliyeniibia. Nilikuwa napita kwa wauza samaki wadogo, wale wanaoitwa usipa, nikasikia mwanamke anaita wateja kwa Kichewa, lakini Kichewa chenye mlio wa Fizi. Nikageuka. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Amenenepa kidogo. Alikuwa anampunja mteja usipa huku anacheka, halafu akamrudishia kiganja kizima juu yake, kama alivyokuwa anafanya na maharage tukiwa watoto. Nikajificha nyuma ya mwanaume anayeuza ndoo. Mi, mwanamke mzima, nyuma ya ndoo! Nilisimama pale mpaka yule mwanaume akaniuliza kama nanunua au nakaa tu. Nikaondoka, nikapita minibasi yangu bila kuiona, nikatembea mpaka miguu ikakataa. Wakati nakumbuka kitambaa, niko Lumbadzi, nusu ya njia ya kurudi kambini.

Baadaye niliuliza kwa ujanja kwa watu wanaofanya biashara mjini. Anakaa Kawale, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, chumba kimoja, peke yake. Sijui karatasi ya kukaa mjini aliipata wapi. Mwenyewe anasema hana ndugu.

Nilipomwona sokoni bado nilikuwa na kitu cha kujifichia. Moyoni nilikuwa nasema: labda kweli alikuwa na dawa yake mule shambani, kama si hivyo, kwa nini yake peke yake ibaki kijani? Aibu gani hii, mtu kumdhania mabaya dada yake ili apate kulala. Nililala hivyo miaka mingi. Halafu ukakaa chini karibu na mbaula na simu yako, ukaninyang'anya hata hicho, na hujui. Shamba lake lilibaki kijani kwa sababu tulimtupa. Tulimfukuza kwa kosa la mikono yetu wenyewe.

Uliniambia siku ile, baada ya mi kurudi ndani, kwamba watu wa zamani hawakuwa na hatia, hawakujua habari ya kuvu na protini zake. Ulikuwa unanifariji bila kujua unamfariji nani. Ni kweli, ile ya panga sikujua. Ile ya mdomo nilijua. Elimu yako inaweza kunitoa kwenye ile ya kwanza. Ile ya pili hakuna chuo.

Unakwenda kuwa mtu anayeulizwa, mwanangu. Watu watakuletea tawi lililokauka, wana hasira, wamepoteza chakula cha watoto wao, na swali lao halitakuwa ni nini. Watauliza ni nani. Mara nyingi watakuwa wameshamchagua, wanataka tu mtu wa maana aseme neno moja. Na neno hilo linaweza kuwa la kweli kabisa. Mi sina cha kukufundisha juu ya kuvu, lakini hapo kwenye neno nimesoma mpaka mwisho, na ada nimelipa. Ukishasema kweli nusu mbele ya watu wenye mapanga, nusu iliyobaki hutapata tena nafasi ya kuisema.

Na usiache kupenda watu wanaofanya kazi pamoja. Ningechukia ukitoka hapa unasema mama amenifundisha kuishi nyuma ya ua. Likelemba yetu ilikuwa kitu kizuri. Sijawahi kucheka tena kama nilivyocheka kule. Kosa letu halikuwa kusaidiana. Tulimwacha mmoja nje, halafu tukamchukia kwa kuweza bila sisi.

Sasa kesho. Kabaza, baiskeli ya kukodi, itakubeba na sanduku mpaka barabarani, halafu minibasi mpaka Lumbadzi, halafu mjini. Tulipanga nikuage pale kwa kabaza, nirudi. Nataka kuomba kitu kingine. Nataka tupande wote, na kabla ya chuo, tupitie Kawale.

Niliwaza kwanza nikupe barua umpelekee. Nikaona huo ni ujanja wangu ule ule, kuweka mtu mwingine mbele na mi nyuma ya ndoo. Sikutumi umwombe msamaha kwa niaba yangu. Hukumkosea, hukuwa umezaliwa. Kitanda chuo wamekupa, chakula utapata, hatumfuati kwa shida. Nataka nisimame mbele yake niseme ile nusu niliyoimeza, niiseme kwa sauti, na kama majirani zake wa Kawale watasikia, wasikie. Nataka ajue pia kile ulichonifundisha, kwamba shamba lake lilikuwa zima na kila mtu mwenye akili angelitazama angepona. Labda hata yeye, usiku fulani, alijiuliza ana nini. Mtu akiambiwa na kijiji kizima kwamba ni mchawi, anaweza kuanza kujichunguza.

Lakini ni siku yako. Umeingoja miaka mingi, na sina haki ya kuingiza kilio changu ndani yake bila kukuuliza. Pia sasa unajua mama yako ni nani, na huenda hutaki kukaa naye kiti kimoja saa mbili kwenye minibasi. Nimelifikiria hilo pia. Leo jioni ukisoma, mi nitakuwa nje nafua. Usije kuniambia lolote, maana sitaweza kusimama. Asubuhi, kama utaniambia "maman, vaa viatu," nitavaa. Kama utanyamaza, nitakuaga pale kwa kabaza kama tulivyopanga, nitakuombea, na Kawale nitakwenda peke yangu juma lijalo. Nitakwenda, Solange. Hilo nimeshaamua na wala si juu yako.

Kama tutakwenda wote, basi fanya hivi, na usinibishie pale mlangoni. Nitabisha hodi mi. Nitasema jina langu mi. Kama atafunga, ana haki, usimkasirikie. Subiri kidogo, halafu bisha wewe, useme jina lako tu, na kwamba hujala tangu asubuhi. Ninamjua dada yangu: hatamwacha mtoto wa mtu na njaa mlangoni. Atakufungulia. Ingia, mwanangu, na usigeuke kuniangalia. Mi njia ya kurudi Dzaleka naijua.

Mama yako Faila,
mdogo wake Riziki.